Koti la Dumu

Siku mke wangu alipofariki, deli lake lilikuwa limejaa. Aliamka alfajiri kama kawaida, akapanga chupa za juisi ya ukwaju na vifuko vya barafu ndani ya lile sanduku la plastiki la bluu, akafunika, akalizungushia mpira wa baiskeli ili kifuniko kisifunguke njiani. Kisha akasema kichwa kinamgonga, atajilaza kidogo ndipo atoke. Hakutoka. Presha ilimpanda akiwa kitandani, tukamkimbiza hospitali, na kabla ya saa sita mchana nilikuwa nimesimama uwanjani kwetu nikiwaeleza majirani jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nalisikia kama habari ya mtu wa kijiji kingine.

Wanawake wa jumuiya walifika haraka. Jua lilikuwa kali, na upepo ulikuwa unapeleka vumbi hadi chini ya turubai ambalo vijana walikuwa hawajamaliza kulifunga. Mmoja wa wale wanawake, akitafuta maji ya kuwapa wazee, akafungua deli. Barafu ilikuwa bado haijayeyuka. Alibaki ameshika kifuniko, akawatazama wenzake, wenzake wakamtazama. Mwishowe mama mmoja mtu mzima akasema, "Gaweni. Aliitengeneza inywewe."

Wakagawa. Na mimi nikapewa kikombe. Nilikunywa yote. Ilikuwa baridi sana, sukari imekaa sawasawa, na hilo ndilo ninalolikumbuka vizuri kuliko mahubiri, kuliko nyimbo, kuliko hata kaburi lenyewe.

Sikulia. Watu walingoja nilie. Kaka yangu alinivuta pembeni ya choo akaniambia, "Hata mwanaume hulia. Usijibane." Nikamjibu sawa. Lakini sikuwa nimejibana. Nilikuwa najisikia kama ukuta uliokwisha kupigwa plasta, umekauka, mtu akiugonga unatoa sauti na basi.

Mimi ni fundi mwashi. Nyumba yetu ya Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, niliijenga mwenyewe, vyumba viwili na sebule, na mbele yake mke wangu aliniomba kijibaraza cha kuandalia vinywaji vyake. Biashara ilikuwa yake tangu kabla hajanijua. Aliwauzia wagonga kokoto kule kwenye miamba nje kidogo ya mji, na siku za mnada alikwenda mnadani. Baiskeli yake ilikuwa na deli nyuma, na madumu mawili ya lita ishirini ubavuni, moja la maji na moja la juisi. Madumu hayo aliyavisha. Alichukua sponji la godoro bovu, akalizungusha, juu yake akashona gunia, akaacha mdomo wa dumu tu ndio uonekane. Akiweka barafu asubuhi, mpaka saa tisa mchana mtu anakunywa anashika meno.

Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, mwaka na nusu, aliyekuwa ameanza tu kutembea bila kushika kitu.

Mama mkwe wangu alikuja msibani kutoka Iramba, kwenye kijiji kilicho chini ya mlima wa Sekenke. Alikuja na mumewe na ndugu zake, akaingia ndani moja kwa moja, akamchukua mtoto kutoka mgongoni kwa jirani, akamfunga mgongoni kwake. Hakumshusha mpaka tumemaliza kuzika. Naye sikumwona akilia. Labda alilia walipokuwa wanawake peke yao.

Lazima nieleze jinsi mtu wa kwetu anavyokaa na mama mkwe wake, kwa sababu vijana wa siku hizi wa mjini hawalijui tena hilo. Humpi mkono. Huli naye. Mkikutana kwenye kijia, wewe ndiye unayeingia majanini. Humwangalii usoni, naye hakuangalii, na chumba anacholala hukikanyagi hata kama nyumba ni yako. Huko si kuchukiana. Ni heshima, na katika miaka yote ya ndoa yetu ilitutosha vizuri, maana alikuwa mbali na tulionana kwenye sherehe tu. Salamu yangu ilikuwa shikamoo mama, na jibu lake marahaba baba, yeye akitazama mbuzi na mimi nikitazama viatu.

Baada ya arobaini, ndugu waligawana nguo za marehemu, wakafunga mizigo, wakaondoka. Mashangazi walikuwa wamekubaliana kwamba mtoto aende Iramba na bibi yake. Asubuhi ya safari mtoto alishikwa na homa. Mama mkwe akamwambia mumewe, mimi nikiwa nje nasikia, "Nenda. Mimi nitabaki mpaka apoe." Mtoto alipoa baada ya siku chache. Mama mkwe akabaki.

Yeye na mtoto walilala chumba cha ndani. Mimi nilihamia sebuleni, kwenye mkeka na blanketi. Asubuhi nilikunja mkeka mapema, nikatoka nje, ndipo yeye akatoka. Chakula changu aliweka juu ya kigoda kijibarazani, akarudi jikoni, nami nikaenda kukaa.

Tatizo lilikuwa mazungumzo. Watu wawili wanaokaa nyumba moja hawana budi kuambizana chumvi imekwisha. Yeye ndiye aliyepata njia. Alizungumza na mtoto.

"Mwambie baba yako mlango wa choo umetoka bawaba."

Mtoto alikuwa anachezea kijiko, hajui kusema zaidi ya neno mama na neno la kuita kuku. Mimi nikiwa hatua chache tu kutoka pale, nikamjibu mtoto huyo huyo, "Mwambie bibi nitaufunga leo." Mtoto akagonga kijiko chini. Tukawa tumeelewana.

Tuliishi hivyo kwa muda mrefu. Nyundo iliyopotea, mkaa, dawa ya minyoo, mgeni aliyekuja nisipokuwepo, vyote vilipita kwa mtoto, na yeye alitusikiliza kwa zamu kama mwenyekiti wa kikao.

Mimi wakati huo sikuwa nafanya kazi. Watu walikuja kuniita, kuna msingi wa kujenga, kuna choo cha shule. Niliwaambia nakuja, sikwenda. Si kwamba nilikuwa na huzuni ya kunilaza. Nililala, niliamka, nilikula, nilifagia uwanja. Nilikuwa nakaa kijibarazani nikiangalia barabara, na jioni ikifika nilishangaa kidogo kwamba imefika. Kaka yangu alikuja akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Akauliza pia, kwa sauti ya chini, mimi na mkwe wangu tunakaa chini ya paa moja kwa utaratibu gani, maana watu wanasema. Nikamwambia wasemao waje waangalie. Sikukasirika. Ningependa kusema nilikasirika.

Asubuhi moja nilikuta beseni la ukwaju limelowekwa kijibarazani. Sukari ilikuwa imepimwa kwenye bakuli. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni akimtoa mtoto nyuzi za mkeka kwenye nywele.

"Mwambie baba yako," akasema, "wale wa kokoto wametuma mtu mara ya tatu kuuliza. Mwambie mimi baiskeli sijui."

Nilikaa pale, nikaangalia ule ukwaju ukivimba ndani ya maji. Halafu nikasimama, nikaenda kujaza upepo kwenye matairi, kwa kuwa kusimama na kukaa vilikuwa sawa tu kwangu.

Barafu tulikuwa tunanunua kwa mama mmoja mwenye friza karibu na stendi, ile ya vifuko vyembamba inayopita kwenye mdomo wa dumu. Alinipa pole, akanichagulia vifuko vilivyoganda vizuri, akanifungia kwenye gazeti. Nilivishika kwa mikono mitupu njia nzima kutoka kwenye friza hadi kwenye baiskeli, nikarudi kwa vingine, na vidole vilipokuwa vyekundu nikavitazama kama vya mtu mwingine.

Kule kwenye miamba wanaume hupasua mawe kwa moto na nyundo kubwa, wanawake hukaa chini ya vibanda vya magunia wakigonga vipande kuwa kokoto. Jiwe likishapata jua hutoa joto kutoka chini, na jua linatoka juu, na mtu anakaa katikati. Nilipofika, nyundo zilinyamaza. Wakaja na vikombe vyao. Hakuna aliyenipa pole kwa maneno mengi. Walikunywa, wakarudisha vikombe. Saa sita niliona wanakunja nyuso. Gunia la mke wangu lilikuwa limeoza upande mmoja na sponji limechomoza, panya walikuwa wamelitafuna wakati wa msiba. Barafu ilikuwa imekwisha. Juisi ilikuwa ya uvuguvugu.

"Leo imekuwa chai," akasema kijana mmoja, akacheka kidogo, kisha akanyamaza alipokumbuka mimi ni nani.

Nilirudi na dumu nusu. Mama mkwe alilinyanyua kwa mkono mmoja, akalipima uzito, akaliweka chini. Akapitisha kiganja kwenye sponji lililotafunwa.

Mke wangu alikuwa na koti. Ni koti zito la mtumba, kijani ya kiza, limejazwa ndani kitu kama pamba, na mshono wake unapita kwa mistari ya kulala kama matuta ya viazi. Alilinunua mnadani mwaka wa kwanza wa ndoa yetu, kwa sababu miezi ya baridi upepo wa Singida hauna huruma na yeye alitoka nyumbani kabla ya jua. Wakati ndugu wanagawana nguo, koti lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wa chumba, mlango uko wazi, hakuna aliyeliona. Mimi niliona. Sikusema. Baadaye mama mkwe alihamia kwenye chumba hicho, na mimi sikuingia humo tena, lakini nilijua koti liko nyuma ya mlango.

Siku mbili baada ya ile juisi ya uvuguvugu nilikwenda kununua sponji sokoni, nikakosa la bei ya kununulika, nikarudi mchana. Mama mkwe alikuwa amekaa kijibarazani, miguu ameinyoosha, dumu lipo kati ya magoti yake. Mkononi alikuwa na wembe. Mikono ya koti ilikuwa imelala chini kwenye mkeka, imeshakatwa, miwili, sambamba. Mgongo wake ulikuwa umepasuliwa katikati na ile pamba nyeupe inaonekana. Mtoto alikuwa amejivisha mkono mmoja wa koti mguuni na anatembea nao.

Nilisimama. Nikasahau viatu, nikasahau mbuzi. Nikamtazama mama mkwe wangu usoni, na nikasema naye bila kumpitishia mtoto.

"Mama. Hilo koti."

Yeye hakuinua macho. Aliendelea kupitisha wembe kwenye mshono, taratibu, asije akaharibu kitambaa.

"Lilikuwa linazuia baridi isiingie," alisema. "Litazuia na joto."

"Ni lake."

"Najua ni la nani. Mimi ndiye nalala nalo chumbani." Akatoa uzi uliokatika, akauviringisha kidoleni. "Kila nikifunga mlango linageuka. Nikizima taa naona mtu amesimama. Ulitaka liendelee kusimama pale mpaka lini?"

Nilingoja nikasirike, au niumie, au niondoke. Hakikuja kitu. Upepo ulichukua kipande cha pamba, ukakipeleka hadi kwenye ua wa jirani. Mtoto akakifuata akaishia kuanguka, akaamka.

"Njoo ushike dumu," mama mkwe akasema. "Linazunguka."

Nikaenda. Nikapiga goti upande wa pili wa dumu, nikalishika kwa mikono miwili, yeye akazungusha mgongo wa koti, akaanza kushona kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni. Alikuwa anapitisha sindano upande wake, inatokea upande wangu. Hapo nilipaswa niipokee na kumrudishia. Vidole vyetu visigusane, niliiweka chini kwenye mkeka, yeye akaiokota. Kila mshono hivyo. Ilituchukua mchana wote. Alipomaliza upande wa mbele niliona ameacha mfuko wa koti mahali pake, na zipu yake.

"Utaweka kitambaa cha kufutia vikombe," akasema, na safari hii alikuwa anamwambia mtoto.

Kesho yake nilikwenda kwenye miamba na dumu lililovaa koti. Nilikuwa nimefikiri nitasikia aibu. Sikusikia. Niliegemeza baiskeli kwenye jiwe, nikafungua mfuko, nikatoa kitambaa. Bibi mmoja mgonga kokoto, ambaye vidole vyake alivizungushia mipira ya tairi la ndani asijigonge, alikuja wa kwanza. Alikuwa mteja wa zamani wa mke wangu, walikuwa wakiitana mtu na mdogo wake ingawa walitofautiana umri wa kutosha mama na mtoto. Alinyoosha kikombe. Halafu mkono ukakwama hewani.

"Hili koti nalifahamu," alisema.

Nikamwambia, "Ndiyo."

Akaweka kikombe juu ya jiwe, akatoa ile mipira ya vidole, mmoja mmoja, akaweka kiganja kitupu kwenye ubavu wa dumu. Alikaa hivyo. Wanawake wengine walikuwa wamefika nyuma yake na vikombe vyao, wakaona, wakasimama. Kwa mbali kulikuwa na nyundo moja tu inayogonga, ya mtu ambaye hakujua kinachoendelea.

"Mama yake ndiye ameshona?"

"Ndiye."

"Amefanya vizuri." Akachukua kikombe. "Haya, nipe."

Nikammiminia. Alikunywa macho yakiwa yamefumba, akarudisha kikombe, akavaa mipira yake akaenda kukaa. Wengine wakanywa. Hakuna aliyezungumzia koti tena siku ile, lakini niliona kila aliyerudisha kikombe aliligusa kidogo, wengine kwa kidole tu, kama mtu anavyogusa mlango wa nyumba anapotoka. Saa kumi nilipofungua dumu kulisuza, vipande vya barafu vilikuwa bado vinaelea.

Habari ya koti ilitembea. Mfugaji mmoja anayeleta maziwa mjini kwa pikipiki kutoka upande wa Ikungi alinisimamisha barabarani. Maziwa yake yalikuwa yanaganda njiani kila jua likiwa kali. Aliuliza nani anashona. Mama muuza togwa wa mnadani naye akauliza. Nilipeleka maulizo nyumbani kwa njia ya mtoto, na bibi yake akajibu kwa njia hiyo hiyo kwamba makoti mazito mnadani huuzwa kwa mafungu wakati wa joto, nani anayataka.

Basi tukawa na kazi. Nilinunua makoti ya mtumba, yale mabovu yenye zipu zilizokufa na madoa ambayo hakuna anayeyataka, tukayafua, tukayapasua. Mimi nilipima na kukata, kwa sababu kupima ni kazi yangu. Yeye alishona. Ndani tuliweka mifuko ya plastiki ili jasho la dumu lisiloweshe pamba. Baadaye nilitengeneza na masanduku, mbao nyepesi nje, sponji kavu katikati, bati ndani, na kifuniko kilichovalishwa koti. Yule wa maziwa alichukua moja, akarudi akasema maziwa yanafika kama yalivyokamuliwa. Mama mkwe alisikia akiwa jikoni. Jioni aliniwekea nyama kwenye mboga.

Bado nilikuwa vile vile. Nataka nieleweke hapo. Watu walisema nimepona, kwa kuwa waliichukulia mikono yangu kuwa ndiyo mimi. Mikono ilikuwa inafanya kazi. Mimi nilikuwa nyuma yake kidogo, naiangalia. Siku ya kumbukumbu ya mke wangu kanisani nilisimama waliposimama na kukaa walipokaa, na mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mshono wa pembe ya sanduku, jinsi ya kuziba pale hewa inapopita.

Mtoto akakua. Maneno yalikuja polepole kisha yakaja yote kwa pamoja, Kiswahili changu na Kinyiramba cha bibi yake kimechanganyika. Tulikuwa tumezoea kumtumia bila kumtazama.

Mchana mmoja tulikuwa kijibarazani watatu. Mimi nakata kola ya koti, mama mkwe anashona, mtoto amekaa kati yetu anapanga vifungo vilivyokatwa, vikubwa huku, vidogo kule. Mama mkwe akasema, bila kuinua kichwa, "Mwambie baba yako uzi umekwisha."

Mtoto akaendelea na vifungo vyake.

"Mjukuu wangu. Mwambie baba yako uzi umekwisha."

Mtoto akamtazama bibi yake. Akanitazama mimi. Alikuwa amechoka, inaonekana, na alikuwa na kazi yake. Akasema, "Mwambie wewe. Yule pale."

Na akanyoosha kidole, asije bibi akakosea.

Halafu nikaona mabega ya mama mkwe yanatikisika. Nilidhani ndiyo sasa, analia, baada ya muda wote huu, na mimi nifanye nini, maana hata mkono siwezi kumwekea begani. Lakini alikuwa anacheka. Kicheko kilianza kwenye mabega bila sauti, kikashuka tumboni, ndipo sauti ikatoka, nyembamba, ya juu, isiyolingana na mtu wa umri wake. Mke wangu alicheka hivyo. Mabega kwanza. Nilikuwa namwambia anacheka kama pikipiki isiyotaka kuwaka.

Niliweka mkasi chini. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na pipa la maji, nikashika ukingo wake. Kifua kiliniuma kana kwamba nimemeza kitu cha moto bila kukitafuna. Machozi yalitoka kidogo, si mengi, sikuwa na mazoea nayo. Nilisikia kule mbele mama mkwe bado anacheka, na mtoto naye anacheka sasa kwa kumfuata. Nilingoja mpaka wamenyamaza. Nikanawa uso kwenye pipa, nikarudi.

Nilipokaa, mama mkwe alikuwa ameshika sindano tupu. Alikuwa anautazama ukuta ulio juu ya kichwa changu, si mimi, lakini alikuwa anasema na mimi.

"Uzi umekwisha," alisema.

"Nitaleta kesho, mama."

Tangu siku hiyo tulizungumza. Si sana. Mkono sikumpa na hatukula pamoja, mambo hayo yalibaki mahali pake. Lakini chumvi ikiisha aliniambia mimi.

Mvua zilipokaribia, mumewe alipiga simu. Alikuwa amepiga mara nyingi, ila safari hii sauti yake ilisikika hadi nje. Shamba halijasafishwa, alizeti itapandwa na nani, na yeye anataka kujua kama bado ana mke au amemwoza Unyambwa. Mama mkwe alimwacha amalize. Akafunga simu, akaja kijibarazani, akakaa kwenye kizingiti.

"Nitaondoka Jumamosi," aliniambia. "Mtoto nitakwenda naye. Wewe utakuwa kwenye ujenzi na kwenye miamba, atabaki na nani? Akifika umri wa shule utamchukua. Hilo ni neno langu na mzee analijua."

"Sawa, mama."

"Usiseme sawa kama unavyosema kila kitu. Nijibu."

Nilifikiri. Ilikuwa muda mrefu sijaulizwa kitu kinachohitaji kufikiri. Nikamwambia sitaki aende. Nikamwambia pia kwamba najua ni lazima aende, na kwamba nitakuwa nakuja kila mwezi, na kama kuna mwezi sitakuja basi ajue naumwa. Alitikisa kichwa kukubali. Aliniambia hapo sasa amesikia mtu.

Waliondoka kwa basi la asubuhi. Mtoto alikuwa na furaha ya safari, hakuniaga vizuri. Kaka yangu na wengine walisema nimemtupa mwanangu. Niliwaacha waseme. Nimerudi kwenye uashi, siku za mnada nauza vinywaji, na makoti bado naagizwa, ingawa mshono wangu haufikii wa mama mkwe na wateja hawanifichi hilo.

Mwezi wa kwanza nilipokwenda, nilishuka basi chini ya mlima nikatembea na mzigo wangu wa sukari na sabuni hadi kwao. Mtoto aliponiona alijificha nyuma ya bibi yake, akachungulia, akajificha tena. Sikumlazimisha. Nikakaa chini ya ukingo wa paa na baba mkwe, nikamsikiliza. Alikuwa anaeleza mvua ilivyonyesha upande wa bondeni ikaacha upande wa mlimani, na jinsi ngedere walivyofukua mbegu. Mtoto alipita mbele yetu mara kadhaa, kila mara karibu zaidi, anajifanya anatafuta kitu. Mwisho akaja akakaa juu ya mguu wangu bila kusema, akaegemeza kichwa, akalala.

Baba mkwe aliendelea na ngedere. Mguu ukafa ganzi kuanzia gotini, nikaanza kutousikia kabisa. Mama mkwe alitokea mlangoni, akatuona, akaniuliza kama amchukue akamlaze ndani.

"Mwache, mama," nilisema. "Alale."